Nilivyokwenda Toronto Kumchunguza Kocha Luduviki

Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kwenye kikoba, na Mama Festo kaniuliza hata kanisani wakati wa kupeana amani: "Yustina, ni kweli ulimwona Kocha?" Nimechoka kusimulia kwa vipande, kila mtu akiondoka na kipande chake akakitie chumvi huko mbele. Kaeni, niwaeleze yote mara moja. Habari za viza na tiketi sitazigusa, maana nikizikumbuka tu presha inapanda.

Neema, binti wa kaka yangu Gaitani, anaishi Toronto huko Kanada. Alipata mchumba anayeitwa Tomasi, na huyo Tomasi ni mtoto wa Kocha Luduviki. Nyinyi mlioolewa Iringa juzijuzi hamumjui, lakini waume zenu wanamjua. Ni Mcheki. Alicheza mpira kwao, akakimbilia Kanada, na miguu ilipochoka akawa kocha, akaja kuifundisha timu yetu hapa Iringa. Gaitani alikuwa winga wake wa kushoto. Mpaka leo ukienda stendi ukataja Luduviki, utanunuliwa chai. Kuna watu wazima mjini hapa wanaitwa Luduviki, na Ucheki wenyewe hawajui uko upande gani.

Gaitani aliposikia habari hiyo, jamani, alicheza kama mtoto. Akatoa sharti moja tu: posa iletwe na Kocha mwenyewe, aketi sebuleni kwake, majirani waone. Kijana akajibu kwa heshima kwamba ataleta wazee, lakini baba yake hapana. Sababu hakutoa. Gaitani akawaka. Akasema bila baba hakuna posa, na bila posa hakuna ndoa. Neema naye hawezi kuolewa bila baraka ya baba yake, basi akawa analia kwenye simu kila Jumapili.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mnajua wenyewe, kwetu shangazi ndiye anayekwenda kuulizia ukoo wa mchumba. Nikirudi nikasema pale hapafai, hakuna wa kunipinga. Gaitani akaniambia, "Nenda ukaone kuna nini huko." Mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu kabla sijafunga begi. Mtoto anayemficha baba yake, ama si mtoto wake, ama baba ana jambo. Kizuri hakikosi ila, na huyo mzungu alikuwa amesifiwa kupita kiasi.

Iringa hadi Dar

Nilimwambia abiria mmoja tu kwenye basi ninakokwenda. Mmoja! Kufika Ilula, basi zima lilikuwa linajua. Watu wakaanza kunituma salamu za kwenda kwa Kocha kana kwamba nakwenda mtaa wa pili. Basi liliposimama pale Ilula, mwanamume mmoja mwenye kitambi alishuka, akarudi na mfuko wa vitunguu, akaniwekea miguuni. Akasema mwambie ni kutoka kwa Sanga, golikipa wa akiba. Nikamuuliza, Kocha alikupanga mara ngapi? Akasema hakuwahi kumpanga hata mechi moja. Sasa nyinyi niambieni, mtu hakukupanga hata siku moja, miaka yote hii, na bado unamnunulia vitunguu?

Nikasema moyoni, huyu mzungu aliwanywesha kitu.

Pale Kitonga lori lilikuwa limelala njiani na tukakaa juani mchana mzima. Nilikula mahindi ya kuchoma, nikasikiliza wanaume wakibishana mabao ya zamani, na kila bishano liliishia kwa Luduviki. Tulifika Dar nimeshamchukia kidogo.

Adis Ababa

Ndege ya pili ilichelewa. Hawakusema kwa nini, walisema tu tusubiri, na mimi mtu akiniambia subiri bila sababu najua kuna jambo. Walitupa injera, ule mkate wao mpana na laini. Nililetewa kwenye sinia kubwa, imetandazwa, nikadhani ni kitambaa cha kufutia mikono na chakula kinakuja. Mwenzangu wa jirani ndiye aliyeniokoa kabla sijajipangusa.

Huyo jirani alikuwa Mkenya anaitwa Mwangi, anapakia mizigo ya ndege huko Toronto, anaishi Malton palepale kando ya uwanja. Alinisalimia vizuri, nikashika mkoba wangu vizuri pia. Alipouliza vitunguu ni vya nani, nikamjibu kwa ukali kwamba ni vya mzee mmoja wa mpira anaitwa Luduviki. Mwangi akapiga goti lake kwa furaha.

"Mama, huyo mzee ni baba yetu sisi wote," akasema. "Hana maringo hata kidogo."

Akanieleza kwamba Kocha hafundishi timu kubwa tena. Kila Jumamosi ya kiangazi anafundisha timu ya Waafrika Mashariki, watu wa zamu za maghala na usafi, na hachukui hata senti. Mtu akipoteza kazi anampigia simu. Mtu akifiwa anakuja na kofia mkononi. Nilisikiliza yote hayo, nikauliza swali moja: anataka nini? Mwangi hakunielewa. Nikarudia, maana mtu hafanyi hivyo bure. Akanitazama kama anayemwonea huruma mgonjwa, akaenda kutafuta kahawa.

Rexdale

Vitunguu vya Sanga viliishia uwanja wa ndege Toronto. Kijana wa forodha aliviweka pembeni kwa glavu kama nimebeba mtoto wa nyoka. Nilimweleza ni vya Ilula, havina dawa yoyote. Haikusaidia.

Neema anakaa Rexdale, kwenye ghorofa refu lenye watu wa dunia nzima na hakuna anayemsalimia mwenzake. Tomasi alikuja na gari kutupokea. Mrefu, mpole, mikono ya kazi. Ni fundi wa lifti. Kiswahili anakisikia kidogo, amefundishwa na Neema, na akiniita "Shangazi" anainama. Nikamtilia mashaka hapohapo, maana mchumba mpole sana siku ya kwanza huwa amefundishwa.

Kesho yake Neema alipokwenda kazini, nikaanza kazi iliyonipeleka. Nyinyi mnajua ukoo unaulizwa kwa majirani. Nikakaanga vitumbua, nikavipanga kwenye sahani, nikamwambia Tomasi anipeleke kwake nikaone anapoishi. Alipoingia kuoga nikatoka na sahani yangu, nikaanza kugonga milango ya jirani zake. Mlango wa kwanza, mama mmoja Mhindi alifungua kidogo sana, akatazama vitumbua, akafunga. Wa pili hawakufungua, lakini nilisikia mtu anapumua nyuma ya mlango. Wa tatu alikuwa kijana, nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha darasani kama Tomasi ni mlevi. Akasema hamjui Tomasi. Anakaa ukuta mmoja naye na hamjui! Nikasema hiki ni kitu, lazima nikiandike moyoni.

Nilipofika mlango wa tano, mlinzi wa jengo akatokea na redio ya mkononi. Kumbe mmoja wao amepiga simu kwamba kuna mwanamke anapita na sahani akiuliza habari za watu. Tomasi alitoka mbio nywele bado zina povu. Nilidhani atanifokea, au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimweleza mlinzi kwamba mimi ni mkwe wake na hii ndiyo kazi yangu, kisha akanibebea sahani. Mlinzi alikula vitumbua viwili. Nami nikabaki pale nimekasirika, kwa sababu kijana alikuwa ameniaibisha kwa wema.

Kanisani

Jumapili Neema alinipeleka kwenye ibada ya Waswahili. Wengi ni Wakongo na Warundi, na wanaimba, jamani, wale watu wanaimba. Nikasema hapa ndipo penyewe, hapa watu wanajuana. Baada ya ibada kuna chai ukumbini, na mimi nikapita meza kwa meza nikiuliza: Tomasi ni kijana wa namna gani?

Basi sikilizeni nilichojibiwa. Wa kwanza akasema, ah, mtoto wa Kocha, Kocha ni mtu mwema sana. Wa pili akasema Kocha alimtafutia kaka yake kazi ya kiwandani. Wa tatu alinionyesha picha ya Kocha kwenye simu. Mama mmoja wa Bujumbura alitokwa na machozi akieleza jinsi Kocha alivyokaa na mume wake hospitali. Nikauliza tena, na Tomasi je? Wote walisema ni mtoto mzuri, kisha wakarudi kwa baba.

Huku kwetu, mkiona watu wote wanasema neno moja, mnajua wamepangwa. Nikamtafuta adui. Kila mtu ana adui, na adui ndiye mwenye habari. Nikaambiwa yupo mzee mmoja shemasi, Papa Deo kutoka Bukavu, aliyewahi kugombana na Kocha hadharani. Moyo wangu ukachangamka. Nikamfuata na kikombe cha chai mkononi, nikamwuliza kilichotokea.

"Mama, mimi nilimuambia kitu kimoya tu," Papa Deo akasema. "Kila samedi wewe uko na batoto ba batu. Wa kwako iko wapi?"

Samedi kwao ni Jumamosi, na batoto ba batu ni watoto wa watu. Akaniambia Kocha alikasirika siku ile, akaondoka uwanjani, na watu wakamlaumu yeye shemasi kwa kumkosea heshima mzee.  Nilimsihi aniambie zaidi, akanijazia chai. Nikarudi Rexdale na swali lile tumboni, na bado nilikuwa nalipindisha kwa namna yangu: pengine kijana ndiye mtukutu, ndiye aliyemkimbia baba.

Richmond Hill

Kila kiangazi Kocha anaalika watu nyumbani kwake Richmond Hill, kaskazini ya mji. Neema alimbembeleza Tomasi wiki nzima mpaka akakubali kutupeleka. Tulikwama kwenye foleni ya magari muda mrefu, na kadiri tulivyokaribia, kijana alizidi kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nyuma namchunguza shingo.

Uwanja wa nyuma ulijaa. Kuna Wakenya, Watanzania, Wakongo, wazee wa Kicheki na kofia zao. Nyama na soseji juu ya makaa. Na katikati, mzee mrefu mwenye nywele nyeupe. Aliponiona na kitenge changu, alifungua mikono.

"Kamwene!" akasema.

Haki ya Mungu! Salamu ya Kihehe, katika nchi ile! Alipojua mimi ni dada wa Gaitani alinishika mabega. Akanitajia mguu wa kushoto wa Gaitani na jinsi alivyokuwa anachelewa mazoezi. Akamtaja mama yetu kwa jina, marehemu, na pombe ya ulanzi aliyokuwa anampelekea kwenye kibuyu, na jinsi alivyomkemea akinywa akiwa amesimama. Nilipomtajia Sanga, alicheka. Akasema Sanga alikuwa na mikono mizuri na roho ya kuku, na watoto wake wangapi sasa? Nilikuwa nimekuja kumpeleleza na machozi yananitoka. Nikaelewa kwa nini mtu ananunua vitunguu. Huyu mzee hakumsahau mtu hata mmoja.

Tulipokwisha kula, Mwangi wa Adis Ababa, maana naye alikuwapo, akaomba Kocha asimulie ile ya fainali. Watu wote wakasema ndiyo, ile ya fainali. Wanaijua kwa moyo, ila wanataka kuisikia.

Mzee akasimama. Akasema timu yetu ya Iringa ilikuwa imebakiza wiki moja kucheza fainali alipoitwa Posta kupokea simu kutoka Kanada. Mke wake amejifungua mtoto wa kiume, hali ya mama mbaya, hali ya mtoto mbaya, njoo. Ndege ilikuwepo. Yeye akarudi mazoezini, hakumwambia mtu. Alikaa nalo rohoni mpaka tukashinda, ndipo akawaambia wachezaji, na wachezaji wakambeba mabegani wakilia.

"Niliwapenda namna hiyo," akasema kwa Kiswahili chake cha zamani.

Makofi yalipigwa, vijiko vikagongwa kwenye chupa. Mtu mmoja akamvuta Tomasi kutoka kwenye makaa, akamsukuma katikati akisema ndiye huyu, ndiye mtoto mwenyewe! Wakampiga piga mgongoni. Kijana akatabasamu kama mgeni anayeonyeshwa albamu ya harusi ya watu asiowajua, akarudi kugeuza soseji.

 Hadithi hiyo naijua, mjini kwetu ndiyo hadithi tamu kuliko zote, Gaitani huisimulia kila Krismasi. Na hakuna mtu Iringa nzima aliyewahi kuuliza yule mtoto alipona lini.

Nikamsogelea mzee, nikaketi karibu naye. Nikamwambia kwa desturi yetu shangazi ana maswali yake, na baba wa mchumba hujibu. Mwanao akikasirika huwa anafanyaje? Akiugua anapenda alishwe nini? Akacheka, akasema Tomasi hana shida, Tomasi ni kijana mzuri. Nikauliza anafanya kazi gani. Akasema mambo ya umeme, nadhani, majengo. Akaanza kunieleza habari za winga mwingine aliyemfundisha Zambia. Nikarudia swali langu, pole pole, na safari hii akamwacha winga wake. Akatazama mikono yake.

"Mama yake ndiye aliyejua hayo," akasema. "Mama yake ametangulia."

Niliwahi kumdhania huyo mzee mchawi, tapeli, mwenye mke wa pili. Hakuwa na siri yoyote. Yote aliyafanya mbele ya watu na watu wakapiga makofi. Kisha nuru ikamrudia usoni, akanishika mkono, akasema atakuja Iringa mwenyewe! Ataleta posa kwa Gaitani, watamwita Sanga, watawaita wote waliobaki, watacheza hata dakika kumi pale uwanjani. Ndicho kitu hasa kaka yangu alichokuwa anakiomba. Ningesema ndiyo, Neema angeolewa mwezi ule ule. Nilisema nitampelekea Gaitani maneno yake.

Tomasi alisikia. Kwenye gari alisubiri mpaka Neema alipoteremka dukani kununua maziwa. Ndipo akanigeukia. Alichanganya Kiingereza na Kiswahili, lakini nilimwelewa kila neno.

"Shangazi, akija Iringa itakuwa siku yake. Nyinyi mlikuwa naye. Siku hiyo moja nataka iwe yangu."

Nilimshika kichwa, nikalia. Akawa ananibembeleza yeye, mtoto wa watu, mimi niliyemgongea milango nikiuliza kama ni mlevi.

Iringa tena

Safari ya kurudi sikuiona. Nililala, nikaamka, nikala walichonipa, na injera safari hii niliijua. Kichwani nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kaka yangu, maana kwa Gaitani, Kocha haguswi.

Alinipokea stendi. Hata begi hakuchukua kwanza. "Anakuja?" akauliza. "Ananikumbuka?"

Nikamwambia anakukumbuka, mguu wako, uchelewaji wako, na ulanzi wa mama. Akasimama pale stendi anafuta macho, na watu wanapita. Tulipofika nyumbani nikafunga mlango, nikamwambia na yaliyobaki. Nikamwambia Kocha yuko tayari kuja na kijana hataki, na kwa nini. Alipandisha sauti. Akasema mtoto gani huyo asiyejivunia baba kama yule. Nikamwacha amalize.

"Gaitani," nikasema, "siku mliyombeba mabegani, huyu mtoto alikuwa kitandani hospitali. Kama angekuwa Neema, je?"

Akatoka nje. Alikaa kwenye benchi la uani mpaka jua likaondoka ukutani, na mkewe akaniuliza nimemfanya nini.  Siku ya tatu akaniambia mwite kijana, aje na wazee anaowataka yeye.

Siku ya posa mlikuja wengi, nawajua. Wengine hamkuja kwa ajili ya Neema, mlikuja kumtafuta Kocha, na Gaitani aliwakatalia mlangoni. Msimlaumu, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika mwiko. Tomasi aliingia na Papa Deo, aliyesafiri naye kutoka Toronto kama mshenga, amevaa shati jeupe, jasho linamtoka. Papa Deo akaanza maneno yake marefu ya Bukavu. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi niliyekuwa nimekaa karibu naye nilijua anasubiri nini. Anasubiri kuulizwa habari za baba. Kila mahali alipoingia maishani mwake, ndilo swali la kwanza.

Gaitani akamkatiza mshenga kwa mkono. Akamsogelea kijana, akaketi naye kwenye kochi moja.

"Mwanangu," akamwambia, "mama yako aliitwa nani?"

Tomasi akainua kichwa, akamtazama. Kaka yangu akangoja, na sote tukangoja, mpaka akalitaja jina la mama yake.